Mchujo wa mizizi: kupata mizizi wiano ya polinomia bila kumaliza daftari

Jioni moja nilikaa na kijana wa kidato cha tano aliyekuwa akipambana na 6x³ − 7x² − 16x + 12. Swali lilimtaka atafute mizizi yake, yaani zile namba ambazo ukiziweka mahali pa x jawabu linakuwa sifuri. Orodha ya namba za kujaribu alikuwa nayo, tena sahihi. Akaanza na kubwa akishuka: 12, −12, 6, −6, 4, −4, 3, −3. Ile 12 peke yake ilimpa 9180 na kumla nusu ukurasa, maana alizidisha 12 mara tatu kwa mkono. Jaribio la tisa ndilo lililomfikisha kwenye 2, na kalamu ilishaanza kukatakata wino.

Hakukosea hata mstari mmoja. Shida yake ninaiona kwa wengi: wamefundishwa kutengeneza orodha, hawakufundishwa kuichuja. Orodha ni kazi ya dakika mbili. Jasho linatoka kwenye mchujo, kwa hiyo huko ndiko nitakakokaa zaidi. Nitaitumia polinomia ya yule kijana, nitaiita f(x), kisha nitaleta nyingine chache pale inapobidi.

Kwanza tuelewane juu ya namba wiano. Ni namba yoyote unayoweza kuiandika kama sehemu yenye namba kamili juu na chini: 2/3, −3/2, hata 5, kwa kuwa 5 ni 5/1. Kipeuo cha pili cha 2 hakiandikiki hivyo, kwa hiyo si namba wiano. Njia hii inasaka mizizi wiano tu. Mizizi ya aina nyingine haitaiona, hata ukeshe.

Hatua ya 1: Isafishe polinomia

Panga kuanzia kipeo kikubwa kushuka hadi namba isiyo na x. Kisha angalia mambo matatu.

Kama kuna sehemu au desimali, ziondoe. Zidisha kote kwa Kigawe Kidogo cha Shirika cha asili zote, ile KDS ya shule ya msingi. Mlinganyo x³/2 − x/3 + 1 = 0 unazidishwa kwa 6, unakuwa 3x³ − 2x + 6 = 0. Mizizi haibadiliki.

Kama namba ya mwisho ni sifuri, toa x nje ya mabano. Katika 2x⁴ − 5x³ + 3x², toa x² nje, andika pembeni kwamba 0 ni mzizi, kisha endelea na 2x² − 5x + 3. Usipofanya hivyo utakwama, maana utatafuta vigawo vya sifuri, na kila namba ni kigawo cha sifuri.

Kama namba zote zina kigawo cha pamoja, gawanya kwacho. 4x³ − 8x + 12 ifanye x³ − 2x + 3. Ukiiacha ilivyo, orodha yako itakuwa ndefu bila sababu.

Yetu, 6x³ − 7x² − 16x + 12, tayari ni safi.

Hatua ya 2: Andika wagombea

Chukua namba ya mwisho, 12, orodhesha vigawo vyake: 1, 2, 3, 4, 6, 12. Chukua namba ya mbele, 6, ile iliyoshikana na kipeo kikubwa kabisa: vigawo vyake ni 1, 2, 3, 6. Kila mgombea ni kigawo cha namba ya mwisho kilichokaa juu ya kigawo cha namba ya mbele, kwa alama zote mbili, chanya na hasi.

Ukiunganisha ovyo utapata sehemu 6 × 4 = 24 kabla ya kuweka alama, lakini nyingi ni zilezile zilizobadili nguo: 2/2 ni 1, 4/6 ni 2/3, 12/6 ni 2. Andika zilizorahisishwa hadi mwisho tu, kundi kwa kundi:

Chini ikiwa 1: 1, 2, 3, 4, 6, 12
Chini ikiwa 2: 1/2, 3/2
Chini ikiwa 3: 1/3, 2/3, 4/3
Chini ikiwa 6: 1/6

Ni 12. Ukiweka chanya na hasi wanakuwa 24.

Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kuzigeuza, nikaweka vigawo vya namba ya mbele juu. Nilijaribu orodha nzima nisipate kitu, nikajiandikia kwa kujiamini kwamba mizizi wiano haipo. Tangu siku hiyo, kabla sijaandika chochote, natazama 2x − 3. Mzizi wake kila mtu anaujua: 3/2. Ile 3 ilikuwa mwisho na sasa iko juu. Ile 2 ilikuwa mbele na sasa iko chini. Nikishaona hivyo, sichanganyi tena.

Kwa nini mzizi lazima utoke kwenye orodha hii? Chukulia mzizi ni p/q, sehemu iliyorahisishwa hadi p na q hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1. Uweke mahali pa x, kisha zidisha kote kwa q³ ili kufuta asili zote:

6p³ − 7p²q − 16pq² + 12q³ = 0

Tazama vipande vitatu vya kwanza. Kila kimoja kina p ndani yake, na jumla yote ni sifuri, kwa hiyo kipande cha nne, 12q³, nacho lazima kigawanyike kwa p. Lakini p haina ushirika wowote na q. Basi p inaigawanya 12. Sasa soma kutoka kulia: vipande vitatu vya mwisho vina q, kwa hiyo 6p³ lazima igawanyike kwa q, na kwa kuwa q haina ushirika na p, q inaigawanya 6. Hakuna uchawi mwingine.

Ona kwamba hoja hii inasema mzizi wiano, *kama upo*, uko kwenye orodha. Haisemi kwamba upo. Wagombea 24 wanaweza kushindwa wote.

Hatua ya 3: Mchujo

Wengi hukimbilia kujaribu. Tulia kwanza, hesabu f(1) na f(−1), yaani jawabu la f(x) ukiweka 1, kisha −1, mahali pa x. Ndizo hesabu nyepesi kuliko zote, na hata zikitoka kapa zinafanya kazi kubwa.

f(1) ni kujumlisha namba zilizopo tu: 6 − 7 − 16 + 12 = −5. Kwa f(−1), badili alama za vipeo witiri kisha jumlisha: −6 − 7 + 16 + 12 = 15.

Si sifuri zote mbili, kwa hiyo 1 na −1 wametoka. Usizifute hizo −5 na 15. Ziandike pembeni, maana zinafukuza wengine.

Kanuni ni hii: kama p/q ni mzizi, p − q lazima iigawanye f(1) bila baki, na p + q lazima iigawanye f(−1) bila baki. Sababu yake ni fupi. Kama p/q ni mzizi, basi f(x) = (qx − p) × g(x), na namba za g(x) nazo ni namba kamili; hilo la mwisho linatokana na kanuni moja iliyothibitishwa iitwayo lema ya Gauss, na hapa nitaomba ulipokee hivyo. Weka 1 mahali pa x: f(1) = (q − p) × g(1). Weka −1: f(−1) = −(q + p) × g(−1). Ndiyo imekwisha.

Kwetu, p − q lazima iwe 1, −1, 5 au −5. Pitia orodha:

2 ni 2/1, tofauti ni 1, anabaki. 3 tofauti yake ni 2, anatoka. 4 ni 3, anatoka. 6 ni 5, anabaki. 12 ni 11, anatoka. 1/2 ni −1, anabaki. 3/2 ni 1, anabaki. 1/3 ni −2, anatoka. 2/3 na 4/3 wanabaki. 1/6 ni −5, anabaki.

Upande wa hasi, ipe p alama ya hasi na uiache q chanya. Kwa −4, p − q ni −4 − 1 = −5, anabaki. Kwa −3/2 ni −3 − 2 = −5, anabaki. Kwa −2/3 ni −5 pia. Hasi nyingine zote zinaanguka.

Kutoka 24 tumebaki na kumi: 2, 6, 1/2, 3/2, 2/3, 4/3, 1/6, −4, −3/2, −2/3.

Sasa duru ya pili, p + q iigawanye 15. 6 anatoka, jumla yake ni 7. 4/3 ni 7, anatoka. 1/6 ni 7, anatoka. Waliobaki ni saba: 2, 1/2, 3/2, 2/3, −4, −3/2, −2/3.

Wagombea 17 wameondoka kwa kutoa na kujumlisha tarakimu ndogo ambazo mtoto wa darasa la tatu anaziweza. Namba 12 iliyomla yule kijana nusu ukurasa iliondoka kwenye duru ya kwanza, na 3 na −3 waliondoka nayo.

Kuna kichujio kingine cha bure, kanuni ya alama ya René Descartes, Mfaransa aliyeichapisha mwaka 1637. Soma alama za f(x) kutoka kushoto: chanya, hasi, hasi, chanya. Zimebadilika mara mbili, kwa hiyo mizizi chanya ni miwili au hakuna kabisa. Idadi hupungua kwa mbili-mbili. Kisha badili alama za vipeo witiri: hasi, hasi, chanya, chanya. Mabadiliko ni moja, kwa hiyo mzizi hasi ni mmoja, si zaidi wala pungufu. Mzizi unaojirudia huhesabiwa kila unapojirudia.

Na tumia macho pia. f(0) ni 12, f(1) ni −5. Jawabu limevuka kutoka juu ya sifuri kwenda chini yake, kwa hiyo kati ya 0 na 1 kuna mzizi. Kwenye saba zetu, waliokaa hapo ni 1/2 na 2/3 tu.

Hatua ya 4: Jaribu kwa mgawanyo mfupi

Usiweke mgombea mahali pa x na kuanza kuhangaika na vipeo. Gawanya kwa njia fupi: baki likiwa sifuri umepata mzizi, na papo hapo unakuwa na polinomia iliyobaki. Kazi mbili kwa mpigo mmoja.

Anza na namba kamili zilizobaki, ni nyepesi kuliko sehemu. Jaribu 2:

2 | 6   −7   −16   12
  |     12    10   −12
  | 6    5    −6     0

Shusha 6. Zidisha kwa 2, andika 12 chini ya −7, jumlisha: 5. Zidisha kwa 2, andika 10 chini ya −16, jumlisha: −6. Zidisha kwa 2, andika −12 chini ya 12, jumlisha: 0. Mzizi wa kwanza ni 2, na kilichobaki ni 6x² + 5x − 6.

Angalizo moja, maana hapa ndipo pana makaburi mengi: kipeo kisichoonekana kina namba 0 na lazima kipewe nafasi yake. x³ − 7x + 6 huandikwa 1, 0, −7, 6. Anayeandika 1, −7, 6 ameigeuza kuwa x² − 7x + 6, swali jingine kabisa, na balaa ni kwamba 1 itampa baki sifuri pande zote mbili, kwa hiyo hatashtuka.

Hatua ya 5: Usirudi nyuma

Kijana wetu baada ya kuipata 2 alirudi kwenye polinomia ya mwanzo kuendelea na orodha. Usifanye hivyo. Polinomia ya zamani imekwisha kazi. Sasa unafanya kazi na 6x² + 5x − 6, ambayo ni fupi zaidi. Kama bado ingekuwa na kipeo cha tatu au zaidi, ungerudia hatua za juu kwa namba zake mpya, ukianza na mgombea aliyeshinda, kwa sababu mzizi unaweza kujirudia.

Ikishafika kipeo cha pili, achana na wagombea. Tumia kanuni ya jumla: mizizi ya ax² + bx + c ni (−b ± √(b² − 4ac))/(2a). Hapa 5² − 4 × 6 × (−6) = 25 + 144 = 169, na kipeuo chake cha pili ni 13. Mizizi ni (−5 + 13)/12 = 2/3 na (−5 − 13)/12 = −3/2.

Mizizi ya f(x) ni 2, 2/3 na −3/2. Chanya miwili, hasi mmoja, kama alama zilivyosema.

Orodha ikiisha bila mshindi

Hili huwatisha wanafunzi, wanadhani wamekosea. Mara nyingine hawajakosea. Karibu mwaka 1225, Leonardo wa Pisa, huyo anayejulikana zaidi kwa jina la Fibonacci, aliwekewa swali na mwanachuoni wa baraza la mfalme mkuu Frederick II: x³ + 2x² + 10x = 20. Aliuonyesha ulimwengu kwamba jawabu lake si namba kamili wala sehemu. Kwa njia yetu tunafika huko kwa mistari michache.

Hamisha 20: x³ + 2x² + 10x − 20. Namba ya mbele ni 1, kwa hiyo wagombea ni namba kamili tupu: 1, 2, 4, 5, 10, 20 na hasi zao. Mabadiliko ya alama ni moja, basi mzizi chanya ni mmoja tu. f(1) = −7, f(2) = 16. Mzizi huo uko kati ya 1 na 2, na kati ya 1 na 2 hakuna namba kamili. Upande wa hasi, mabadiliko ya alama ni mawili, kwa hiyo huenda pakawa na mizizi miwili au pasiwe na hata mmoja. Tumia f(1) = −7: p − q lazima iwe 1, −1, 7 au −7, na hapa q ni 1. Hasi zinatoa −2, −3, −5, −6, −11, −21. Hakuna aliyepita.

Kwa hiyo mzizi wiano haupo, na hilo ndilo jibu kamili. Ukitaka thamani yake utaikadiria. Ni kama 1.3688.

Kwa njia hiyohiyo unathibitisha kwamba kipeuo cha pili cha 2 si namba wiano. Polinomia ni x² − 2, wagombea ni 1, −1, 2, −2, na hakuna anayetoa sifuri. Mstari mmoja tu.

Tuitoe darasani: kipande cha bati

Fundi bati ana kipande cha sentimita 100 kwa 80. Anataka kukata mraba kwenye kila kona, akunje pande nne, apate chombo cha wazi cha kubeba lita 31.5. Akate mraba wa upande gani?

Tumia desimita, kwa kuwa desimita moja ya ujazo ni lita moja. Bati ni 10 kwa 8, mraba ni x:

x(10 − 2x)(8 − 2x) = 31.5

Fungua mabano: 4x³ − 36x² + 80x − 31.5 = 0. Kuna desimali, zidisha kwa 2: 8x³ − 72x² + 160x − 63 = 0.

Vigawo vya 63 ni 1, 3, 7, 9, 21, 63, vya 8 ni 1, 2, 4, 8. Wagombea chanya ni 24. Hasi hatuna haja nao, hakuna kukata sentimita hasi. Na x lazima iwe chini ya 4, la sivyo upande wa 8 utaisha. Wanaobaki ni 14.

f(1) = 8 − 72 + 160 − 63 = 33, kwa hiyo p − q iigawanye 33. Wanaopita ni 1/2, 3/2, 1/4, 3/4, 7/4, 7/8 na 9/8. Tena f(0) ni −63 na f(1) ni 33, kwa hiyo kuna mzizi kati ya 0 na 1. Nianze na 1/2:

1/2 | 8   −72   160   −63
    |       4   −34    63
    | 8   −68   126     0

Jaribio la kwanza. Kilichobaki, 8x² − 68x + 126, kigawanye kwa 2: 4x² − 34x + 63 = 0. Kanuni ya jumla inatoa (34 ± √148)/8, yaani kama 2.73 na 5.77. Ya 5.77 imevuka 4, itupe. Lakini 2.73 ni halali kabisa, japo orodha ya wagombea isingeweza kukuonyesha, maana si namba wiano.

Fundi basi ana mikato miwili. Akikata sentimita 5 anapata trei pana ya 90 kwa 70, kina 5, ya kunyweshea kuku. Akikata sentimita 27.3 anapata ndoo ya pembe nne, kina 27.3, inayobeba lita zilezile, na mkononi anabaki na vipande vinne vya mraba vikubwa vya kutosha kushonea makopo.